Usome nini ukipenda nguo: VETA, teknolojia ya nguo au masoko? Ulinganisho kwa kijana wa Tanga

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, swali hili hurudi kwenye nyumba nyingi hapa Tanga. Mtoto anapenda nguo, anachora, akishika kanga anajua nzuri na mbovu. Asome nini? Mtaani majibu ni mawili: akajifunze ushonaji, au aachane na hayo akasome biashara. Yote mawili yanaruka kazi kubwa iliyo katikati, kazi ya mtu anayejua kitambaa kimetengenezwaje, kitagharimu shilingi ngapi na nani atakinunua. Marekani, chuo cha Fashion Institute of Technology jijini New York kina shahada nzima ya kazi hiyo, inayounganisha maendeleo ya vitambaa na masoko. Kwetu elimu hiyo imegawanyika vyuo mbalimbali, kila kimoja na kipande chake, na hapo ndipo kuchagua kunapokuwa kugumu.

Tutalinganisha njia tatu zilizo wazi kwa mtu anayeanzia Tanga, na mwishoni tugusie kwenda nje. Msimamo wetu tunauweka mezani mapema: jina la kozi lisikuvute. Uliza utaweza kufanya nini ukimaliza, ukikabidhiwa kipande cha kitambaa, mizani na oda ya mteja.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni VETA, kwenye kozi ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo. Ina ngazi tatu. Mkazo wake uko mkononi: kupima mwili, kuchora na kukata pateni, cherehani na ovaloki, kumalizia vazi. Kitambaa hufundishwa kama malighafi, yaani aina zake, namna ya kukikata na kukitunza. VETA ina chuo mjini Tanga, lakini kabla ya kulipa fomu uliza ngazi ya pili na ya tatu zinafundishwa wapi, maana si kila chuo kina ngazi zote. Wengi huishia ya kwanza kwa sababu hiyo tu, wakati pateni ngumu na hesabu za uzalishaji ziko huko juu.

Ya pili ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Pale kuna shahada mbili ambazo watu huzichanganya kila mwaka wanapojaza maombi: uhandisi wa nguo, na ubunifu na teknolojia ya nguo. Zote ni miaka minne. Uhandisi unaelekea kwenye mashine: kusokota, kufuma, kupanga mtambo, kuutunza, kupunguza hasara ya uzalishaji. Ubunifu na teknolojia unaelekea kwenye kitambaa chenyewe: muundo wa ufumaji, rangi, uchapaji, upimaji wa ubora. Anayewaza soko na bidhaa mpya, ya pili ndiyo yake. Anayefurahi kufungua injini ya pikipiki na kuirudisha ikawaka, ya kwanza.

Ya tatu ni masoko au biashara, kwenye vyuo kama CBE, Mzumbe au Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Tanga na kinamfaa anayefanya kazi huku anasoma. Utajifunza utafiti wa soko, upangaji bei, usambazaji, matangazo na tabia za wanunuzi. Kitambaa hakimo. Hilo si kosa la chuo, ila lazima ulijue unapochagua.

Doti moja, wahitimu watatu

Tuseme duka la kanga Ngamiani limerudishiwa doti. Mteja analalamika kuwa nyekundu ya pindo imechujia kwenye nyeupe ya mji, na baada ya kufua kanga imekuwa fupi. Muuzaji wa jumla anakana: mzigo wangu ni mzuri, mteja amefulia sabuni kali. Wahitimu wetu watatu wanaitwa kutazama.

Wa VETA ataona jambo ambalo wengine wawili wanaweza kulikosa. Ataikunja kanga pindo kwa pindo, na zisipokutana atasema imekatwa nje ya uzi, ndiyo maana hata kabla ya kufuliwa ilikuwa inapinda mwilini. Atakwambia pia kwamba kitambaa cha namna hii kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa gauni. Anajua athari yake kwenye vazi. Kwa nini rangi imechuja, na nani alipe, hapo hajafundishwa kwa kina.

Wa teknolojia ataanza na kitambaa cheupe cha pamba. Atasugua sehemu nyekundu mara kumi ikiwa kavu, kisha achukue cheupe kingine, akiloweshe, asugue tena mara kumi. Maabara ina kifaa cha kusugua kwa uzito na mwendo uleule kila mara, na madoa hulinganishwa na skeli ya kijivu yenye daraja 1 hadi 5, ambapo 5 ni hakuna doa. Matokeo yatamwelekeza kwenye chanzo. Kikavu kikiwa safi na chenye maji kikatoka chekundu, shaka ya kwanza ni rangi ya reaktivu isiyooshwa vizuri. Rangi hizi hushikana na pamba zikisaidiwa na magadi soda, lakini sehemu yake huungana na maji badala ya pamba na kubaki juujuu ya uzi. Sehemu hiyo haiondoki kwa maji baridi. Inahitaji kuoshwa kwa maji ya moto karibu na kuchemka, kwa sabuni, na kusuuzwa zaidi ya mara moja. Kiwanda kikibana maji, mvuke au muda, kanga hutoka inang'aa na mnunuzi wa kwanza ndiye anayemalizia kazi ya kuosha.

Kikavu nacho kikiacha doa, atageuza kanga atazame nyuma. Rangi ikiwa imekaa upande mmoja na kitambaa ni kigumu kidogo pale ilipochapwa, huenda ni rangi ya unga iliyobandikwa kwa gundi, na gundi haikupata joto la kutosha kukauka. Tiba zake ni tofauti kabisa. Ya kwanza inaponywa kwa kuosha upya, ya pili kwa kurudisha kitambaa kwenye joto. Anayeamuru "waongeze rangi" huzidisha tatizo, kwa sababu rangi isiyoshika ndiyo iliyokuwa nyingi tangu mwanzo.

Kwa upande wa kupungua, atachora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kanga mpya ya mzigo uleule kwa kalamu isiyofutika, afue, aikaushe ikiwa imelazwa, apime. Sentimita 50 zikiwa 48, kupungua ni asilimia 4. Atarudia mara tatu, maana pamba haimalizi kupungua kwa fuo moja, na atapima mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) kila mmoja peke yake. Mara nyingi mtande hupungua zaidi, kwa kuwa ndio uliovutwa kwenye mashine tangu kufuma hadi kukausha.

Wa masoko atauliza maswali ambayo wenzake hawakuyafikiria. Doti ngapi zimerudi? Zote zinatoka jora moja au ni mzigo mzima? Duka la jirani limerudishiwa? Tuliahidi nini wakati wa kuuza? Atajua kumtuliza mteja, kubadilisha doti na kulinda jina la duka. Ila akiketi kuandika oda ijayo ataandika "kanga ziwe nzuri, zisichuje". Sentensi hiyo haimfungi mtu. Mwuzaji ataleta zilezile na kuapa kuwa ni nzuri.

Oda inayofunga husomeka hivi: uzito gramu 120 kwa mita ya mraba, kupungua au kuzidi asilimia 5, msuguano mkavu daraja 4 au zaidi, wa maji 3 au zaidi, kupungua baada ya fuo tatu kusizidi asilimia 4, mshazari (kupinda kwa mshindio) usizidi asilimia 3 ya upana. Mtu mwenye kuiandika, kuipima mzigo ukifika na kuitetea mbele ya muuzaji bila kupandisha sauti ndiye viwanda na waagizaji wanamtafuta. Hakuna hata moja kati ya njia zetu tatu inayomtoa mtu huyo akiwa kamili. Ya pili ndiyo inayomkaribia zaidi, kwa sababu hesabu ya bei unaweza kuiongeza baadaye kwa kozi fupi, lakini maabara huwezi kuiongeza ukiwa kwenye kiti cha ofisi.

Namba zinazotenganisha anayejua na anayebahatisha

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndiko kozi zinakopishana sana.

Uzi una unene, na unene hutajwa kwa teksi: gramu za uzi wenye urefu wa mita 1,000. Chukua kitambaa chenye nyuzi 24 za mtande kwa sentimita na 22 za mshindio, zote za teksi 20. Kwenye mita moja ya mraba mtande una nyuzi 2,400 za mita moja moja, yaani mita 2,400, sawa na gramu 48. Mshindio una mita 2,200, gramu 44. Nyuzi hazikai zimenyooka, hupanda na kushuka zikipishana, hivyo ongeza kama asilimia 5. Jumla inafika karibu gramu 97 kwa mita ya mraba. Doti ya kanga mbili, kila moja ikiwa mita 1.5 kwa 1.1, ina mita za mraba 3.3, kwa hiyo imebeba karibu gramu 319 za uzi. Ukichukulia asilimia 12 ya pamba inapotea kwenye kusafisha na kusokota, kiwanda kilianza na gramu 362 hivi za pamba nyuzi.

Sasa mtu akija na doti ya bei chee, unaipima. Ikiwa na gramu 319 zake, basi nafuu imetoka kwingine. Ikiwa na gramu 250, umepata jibu: nyuzi zimepunguzwa au uzi ni mwembamba. Na ikiwa nzito kuliko hesabu, iloweke na kuisugua, huenda ni wanga. Kanga iliyokolezwa wanga husimama vizuri dukani, halafu fuo la kwanza likailegeza.

Hesabu hiyo yote ni ya darasa la teknolojia. Ya masoko inaanzia hapa. Kwenye kuchapa, kila rangi ina skrini yake. Tuchukue namba za mfano: skrini moja shilingi 300,000, mchoro una rangi nne, jumla 1,200,000. Ukichapa doti 300, kila doti inabeba 4,000 ya skrini peke yake. Ukichapa 3,000, inabeba 400. Ndiyo sababu kiwanda kinakataa oda ndogo, na ndiyo sababu mbunifu aliyechora mchoro wa rangi nane kwa soko dogo amejifungia mlango mwenyewe hata kama mchoro unapendeza. Mwanafunzi wa ubunifu anayejua hili hupunguza rangi kabla hajapeleka kazi, na mara nyingi mchoro hauharibiki.

Kosa jingine linalokula faida za watu ni kuchanganya nyongeza na faida. Umenunua kwa 8,000 ukauza 10,000: umeongeza asilimia 25 juu ya gharama, lakini faida yako ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Duka la hoteli likikwambia linataka faida ya asilimia 40, usizidishe 8,000 kwa 1.4 ukapata 11,200. Gawanya 8,000 kwa 0.6, utapata 13,333. Tofauti ya zaidi ya shilingi 2,000 kwa doti ni nauli, kodi ya chumba na mshahara wa msaidizi. Kozi ya masoko inalifundisha hili vizuri, ya VETA inaligusa kwenye ujasiriamali, ya teknolojia hulipitia haraka.

Vitambaa vya fulana navyo huuzwa kwa kilo, wakati fundi anahesabu kwa mita. Kitambaa cha gramu 160 kwa mita ya mraba chenye upana wa sentimita 180 kina gramu 288 kwa kila mita ya urefu, basi kilo moja ni mita 3.47. Mwuzaji akikubadilishia kitambaa cha gramu 180 kwa bei ileile ya kilo, umepata mita 3.09. Bei haijapanda, lakini fulana zimepungua.

Tembelea maabara kabla ya kulipa ada

Brosha za vyuo hufanana. Tembelea chuo, na uombe kuonyeshwa vifaa vinavyotumika, vile ambavyo wanafunzi wanavigusa na si vilivyofunikwa turubai. Kwa kozi inayodai kufundisha kitambaa tungetaka kuona angalau kikatio cha duara cha sentimita za mraba 100 na mizani ya kusoma hadi 0.01 ya gramu, kifaa cha kusugua, skeli za kijivu, mashine ya kuvuta kitambaa hadi kikatike, na boksi la taa la kulinganishia rangi. Boksi hilo si pambo. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya dukani na kuachana zikitoka juani, na mzigo mzima wa sare za shule unaweza kukataliwa kwa jambo kama hilo.

Uliza pia kama kuna chumba chenye hewa iliyodhibitiwa. Kiwango cha kimataifa ni nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65. Kwa watu wa pwani hili lina uzito wake hasa. Pamba hunywa maji kutoka hewani. Unyevu wake unaokubalika kibiashara ni asilimia 8.5 juu ya uzito wake mkavu, lakini kwenye ghala la Tanga wakati wa masika unaweza kupita 10. Pamba ambayo kavu ni kilo 1,000 itapima 1,085 kwa kiwango cha biashara na 1,110 ikiwa na asilimia 11. Hizo kilo 25 ni maji, na anayenunua kwa uzito bila kupima unyevu anayalipia kwa bei ya pamba. Polista haina tabia hiyo, hunywa chini ya asilimia 1. Mwanafunzi aliyepima kitambaa asubuhi ya mvua na kukipima tena kwenye chumba kikavu akaona namba zimebadilika ameelewa somo zima bila mhadhara.

Kwa VETA maswali yanabadilika: cherehani za umeme za kiwandani ni ngapi kwa wanafunzi wangapi? Kuna ovaloki ya nyuzi nne? Meza ya kukatia ina urefu gani? Fundi aliyejifunzia cherehani ya mguu peke yake hushtuka siku ya kwanza kiwandani kwa kasi ya mashine, na hushona mshono uliokunjamana kwa sababu hajui kupunguza mkazo wa uzi na kubadilisha sindano kulingana na kitambaa.

Kwa masoko uliza jambo moja tu: mafunzo kwa vitendo wanafunzi wanapelekwa wapi? Ukisikia ni benki na kampuni za simu pekee, tafuta nafasi yako mwenyewe mapema kwa mwagizaji wa vitambaa, kiwanda cha nguo au karakana ya sare. Barua ya chuo utapewa. Kuitafutia mahali ni kazi yako.

Masomo, muda na fedha

VETA ndiyo rahisi kuliko zote kwa ada, na ni karibu na nyumbani. Gharama itakayokushtua ni vifaa: mkasi mzuri, tepu, rula za pateni, vitambaa vya mazoezi. Usinunue mkasi wa bei ya chini kabisa, utakata kitambaa kwa meno na pateni yako italaumiwa bure.

Chuo kikuu kinataka tahasusi za sayansi, na PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo inayofungua milango mingi zaidi. Vigezo hutolewa kila mwaka kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, na hapo ndipo pa kuvisoma, si kwa jirani aliyesoma zamani. Mwanafunzi wa HGL au HKL mwenye kipaji cha kuchora anaumia sana akigundua hili akiwa kidato cha sita, kwa hiyo ukiwa na mtoto kidato cha pili anayependa nguo, mhimize asiitupe kemia. Rangi zote tulizozieleza juu ni kemia. Mikopo ya HESLB ipo kwa wenye sifa. Malazi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi kutoka hapa, ndiyo mzigo mkubwa wa familia.

Masoko inapokea tahasusi nyingi na vyuo ni vingi. Urahisi huo ndio udhaifu wake pia: mnahitimu wengi wenye cheti kimoja.

Tanga ina kitu ambacho Dar haina

Popote utakapokwenda, rudi na mradi wako wa mwisho nyumbani. Mkonge uliletwa kwenye pwani hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, na bado makao makuu ya Bodi ya Mkonge yapo Tanga, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Muheza, na mashamba yenye korona, yaani mashine za kuchakata majani ya mkonge, hayako mbali. Jani la mkonge hutoa kama asilimia 4 tu ya uzito wake kuwa nyuzi, yanayobaki ni maji na makapi. Swali la makapi hayo, na la nyuzi fupi ambazo hazifai kamba bora, linamsubiri mwanafunzi mwenye maabara.

Lakini kuna mtego. Wanafunzi wengi hutaka kufuma shati la mkonge. Nyuzi zake ni nene na ngumu, mwilini huchoma, na hakuna tangazo litakaloondoa hilo. Zinafaa zulia, mikeka ya mlangoni, mifuko, vitambaa vya kung'arishia chuma, kamba za kufungia marobota, na kuimarisha jasi kwenye dari. Hapa ndipo elimu ya soko inapoiokoa teknolojia: mnunuzi wa zulia analipia rangi ileile mzigo hadi mzigo, hivyo kazi ya kwanza ni kupata mkonge uliooshwa vizuri na kukaushwa upesi baada ya korona. Ukichelewa, utomvu hukaukia kwenye nyuzi, zinakuwa za kahawia, na rangi ya manjano mbichi unayotaka kuitia itatoka kama tope.

Uagizaji nao usiusahau, kwa kuwa bandari iko hapa. Vitambaa na nguo vimepangwa kwenye sura ya 50 hadi 63 za orodha ya kimataifa ya ushuru: pamba ni 52, nyuzi nyingine za mimea kama mkonge ni 53, nguo za vitambaa vya vitanzi kama fulana 61, za kufumwa 62. Kanga, kikoi na kitenge kutoka nje ya Afrika Mashariki vimekaa kwa miaka mingi kwenye orodha ya bidhaa nyeti yenye ushuru mzito kuliko kawaida. Mtu anayetofautisha kitenge na kitambaa kingine cha pamba kilichochapwa, na anayeweza kulithibitisha kwa nyuzi na uzito, ana kazi kwa wakala wa forodha hata kabla hajafika kiwandani.

Kwenda nje

Vyuo vikuu vya Moi kule Eldoret, Kenya, na Busitema nchini Uganda vinafundisha uhandisi wa nguo, na kuishi huko hakutofautiani sana na kwetu. Donghua ya Shanghai ilianzishwa mwaka 1951 kama chuo cha nguo na inajulikana kote kwa fani hii. Ukipata ufadhili wa China, ulizia lugha ya kufundishia na mwaka wa kujifunza Kichina kabla ya kusaini. New York tuliitaja kwa sababu mtaala wake unaonyesha sura kamili ya kazi hii. Kwa fedha za mfukoni hatuishauri. Soma orodha ya masomo yao kwenye tovuti, uitumie kujua nini kimekosekana kwenye kozi utakayoipata hapa.

Basi nani achague nini

Mwenye ufaulu wa sayansi na nia ya bidhaa mpya: ubunifu na teknolojia ya nguo Dar es Salaam, bila kusita, kisha cheti kifupi cha masoko au manunuzi.

Ambaye sayansi haikukubali lakini mikono yake ni mizuri: VETA, na asikubali kuishia ngazi ya kwanza. Akifika ya tatu, ahamie kozi ya masoko ya jioni au ya Chuo Huria huku anashona. Njia hii ni ndefu, ila atakuwa anaingiza chochote tangu mwaka wa pili.

Mwenye familia yenye duka la vitambaa: masoko inamfaa, kwa sharti kwamba ajifunze kupima. Asiye na duka wala jamaa kwenye biashara, masoko pekee hatumshauri. Atashindana na wengi bila kitu cha kuwazidi.

Na aliye kati, hajaamua, atumie miezi ya kusubiri matokeo hivi. Anunue mizani ndogo ya 0.01 ya gramu, kioo cha kukuzia na rula. Aombe kwa mafundi vipande ishirini vya mabaki. Kila kimoja akate mraba wa sentimita 10 kwa 10, mbali na ukingo wa jora kwa sentimita 10, akipime. Gramu zikizidishwa kwa 100 ni uzito wa mita ya mraba. Ahesabu nyuzi za mtande na mshindio sehemu tano, achukue wastani. Achome nyuzi chache akizishika kwa kibanio juu ya sahani ya mchanga: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, sufu na hariri hunuka nywele. Aandike bei ya mita dukani pembeni ya kila kipande. Akivutwa zaidi na safu ya uzito na moto, ajaze teknolojia. Akivutwa na safu ya bei na kuanza kuuliza kwa nini duka hili lina 4,500 na lile 6,000, ajaze masoko. Akijikuta ameshona vile vipande ishirini kuwa mto kabla hajamaliza kuvipima, fomu za VETA hutangazwa kabla ya Januari.